Mkwe Asiyebakiza

Alhamisi, 17 Novemba 1955

Nimeoa! Mwanarusi, binti wa Bi Mbeyu wa hapa Msambweni. Furaha imenijaa hadi kooni, na kiungulia vilevile. Kadhi aliponitaka niseme nimekubali, ikatangulia mbweu. Ndefu. Kadhi akangoja iishe. Chirau, jirani yao, ambaye alimposa Mwanarusi kabla yangu akakataliwa, alificha uso kwenye kofia yake akicheka. Haya iliyonishika!

Hakuna ajuaye kwamba naumwa. Mwezi mzima sasa nimo mikononi mwa Vaidya Tribhovan, tabibu wa Kihindi karibu na soko. Kanipa unga wa amla, tunda chachu la kwao, na maji ya giligilani iliyolowekwa tangu usiku. Masharti yake ni mengi kuliko dawa. Nisiguse pilipili, achari, ukwaju wala vya kukaanga. Nile wali laini wa pojo kwa samli, nile mapema, nusu tumbo tu, kisha nitembee kidogo. Nikilala, ubavu wa kushoto. Nikivunja sharti, tunaanza upya.

Wakwe niliwaambia nina miaka thelathini na miwili na tumbo la chuma. Nina arobaini na mmoja. Tumbo ni hilo.

Ijumaa, 18 Novemba

Fungate imeanza. Siku saba ndani ya nyumba ya mke, mguu hautoki nje, na kunilisha ni kazi ya mama mkwe. Sinia la kwanza hilo: pilau, kuku wa kukaanga, achari ya ndimu, mbatata za ukwaju. Kama aliyeambiwa na Vaidya kipi kinaniua, akakipika.

Kurudisha chakula ni kumvunjia Bi Mbeyu heshima. Mtaa mzima utasema mkwe kamsusia. Kukila ni kuungua. Nikakaa nikilitazama sinia, jasho linanitoka.

Mwanarusi hula chumba cha pili na somo yake, kungwi anayemfunda, kwa haya za uharusi. Dirisha liko wazi. Chini yake, bata wa Chirau. Akili hizi! Nilijiwekea matonge machache ya wali na ndizi mbivu. Vingine vyote viliruka. Sinia likarudi jeupe, na jikoni vikapigwa vigelegele.

Jumamosi, 19 Novemba

Sifa zangu zimeenea. Leo masinia mawili! Bata wameshaijua saa ya chakula kuliko mimi.

Baada ya kula nilikumbuka sharti la kutembea. Mwali na bwana harusi hawatoki, basi nikakizunguka kitanda. Mwanarusi akaingia, akauliza natafuta nini. Nikasema pete imeniponyoka. Maskini, akapiga magoti, akapapasa uvunguni muda mrefu. Pete ilikuwa kidoleni mwangu. Niliuficha mkono nyuma, nikamwangalia vumbi likimjaa kwenye leso mpya. Sijapata kujiona mdogo namna ile.

Jumapili, 20 Novemba

Balaa. Mwanarusi kaufuma unga wa amla chini ya mto. Akauliza kwa upole kama naumwa. Hapo ndipo pa kusema kweli. Nikasema ni dawa ya nguvu za kiume.

Akajifunika uso, akatoka mbio. Kufika adhuhuri somo anajua. Alasiri ikaletwa supu ya pweza, bakuli zima, pilipili zikiogelea juu. Mama mkwe kaagiza niongezewe kila nikitaka. Supu haitupiki, itachora ukuta. Nimeinywa. Nimelala nimekaa, kama kuku anayeatamia.

Jumanne, 22 Novemba

Mwanarusi kaniambia, kama anayetania, kwamba mtetea wa mama yake, yule wa mayai, ndiye niliyemla jana. Amebaki jogoo. Sikumla mimi yule mtetea, wamemla bata!

Nikamwomba amwambie mama kwamba wali wa pojo unanitosha. Akaenda, akarudi anacheka. Mama kasema mkwe ana adabu, anawaonea huruma, basi waongeze. Nimejigeuzia ukutani. Naona aibu hata kumtazama huyu binti wa watu.

Alhamisi, 24 Novemba

Siku ya kufungua fungate. Chirau kaleta zawadi mwenyewe: bata mmoja, kanona hata shingo haionekani. Akawaambia watu barazani kwamba bata wake mwaka huu wamependeza, wala hajui wamekula nini. Anasema, macho yako dirishani kwangu. Mshenzi!

Bata akaungwa kwa nazi na pilipili mbichi. Nilikwenda dirishani. Wenzake wamejipanga wanangoja. Nikashindwa. Nimemla mimi, na naapa nilisikia ladha ya pilau.

Ijumaa, 25 Novemba

Baada ya sala nilipenya hadi kwa Vaidya, kifua kinawaka. Kwenye benchi kakaa Bi Mbeyu, leso mdomoni, mkono kifuani. Nikageuka, lakini keshaniona. Mkwe na mama mkwe benchi moja! Tukawa tunatazama ukuta.

Vaidya hana habari na haya zetu. Akamuuliza kwa sauti amekula nini wiki hii. Muhogo wa kuchoma na pilipili, akajibu, na chai kavu. Vaidya akauliza kwa nini, na soko zima lajua kwake kunapikwa kuku kila siku? Bi Mbeyu akashangaa kuulizwa. Wapishi hula kinachobaki kwenye sinia la bwana harusi, ndiyo ada. Kisha akasema, kwa fahari kabisa, kwamba yeye ana mkwe, mashaallah, habakizi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki nzima nimewashibisha bata wa Chirau, na mama wa mke wangu analala na njaa na moto kifuani. Vaidya akanitazama, akatazama unga wa amla mkononi mwake, akampimia mama mkwe.

Bi Mbeyu akaniuliza, bila kugeuka, nina nini mwanangu. Akasema nisione haya, mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli ilifika kwenye ulimi. Naapa ilifika! Nikasema mimi mzima, moyo tu uliniambia mama mgonjwa, nikamfuata.

Akalia. Akaniombea dua ndefu. Kisha akasema kesho ananichinjia jogoo.

Jumamosi, 26 Novemba

Jikoni Bi Mbeyu kapikiwa wali wa pojo kwa samli. Harufu yake ilinitoa machozi. Mimi nimeletewa jogoo, pilipili juu. Nimemmaliza, aibu ikanisukumia matonge.

Jumatatu namchukua Mwanarusi kwangu Diani. Mama mkwe kaahidi kutuletea sinia kila Ijumaa, mwenyewe, kwa mkono wake, kwa ule wema niliomfanyia. Neno moja tu lingemaliza haya yote. Nimelifikiria sana tangu asubuhi.

Alasiri nimekwenda kwa Chirau kumwomba bata watatu. Kanipa bila swali, hata kunichagulia wenye njaa. Mwanarusi kaniuliza bata wa nini. Nikamwambia nawapenda tangu utoto.