Siku Jaji Alipoomba Chumvi

Sogeeni, enyi mlioshiba nanyi mnaongoja kushiba! Wekeni vijiko chini, futeni midomo, mwambieni anayeosha vyombo apunguze makelele ya sufuria, kwa maana nataka kuwahadithia vita ambavyo havikumwaga damu ila mchuzi, na huo nao kidogo tu, kwenye kona ya kitambaa cha meza. Ewe pumzi, usinikatikie njiani! Ewe ulimi, usiniteleze! Nasimulia habari za fundi saa mmoja, mtu mfupi mwenye miwani minene, aliyeitwa Jaji na mtaa mzima, na jinsi alivyoomba chumvi.

Jueni kwanza kwamba ujaji wake haukuwa wa mahakamani. Ulikuwa wa mezani. Mkewe, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, alipika jioni baada ya jioni, na jioni baada ya jioni Jaji wetu, Simba wa Bakuli, alikinyanyua kijiko, akafumba macho kama mtu anayesikiliza saa iliyokwama, kisha akanena, "Kuna kitu kimepungua." Kitu gani? Hakusema. Majaji wakubwa hawana muda wa kueleza.

Ikawa siku moja mke ameamka na mkosi. Sindano imemchoma kidole, mteja amemrudishia gauni, na jioni ilipofika akapokea hukumu ile ile ya siku zote. Akauweka mwiko chini taratibu, na taratibu ile ndiyo iliyotisha.

"Mume wangu, hivi maneno hayo mbona unayasemea humu ndani tu? Juzi tulikula mkahawani kwa Bibi Upawa, mchuzi maji matupu. Alipokuuliza, ukamwambia 'Mtamu sana, mama.' Tena ukaongeza 'Mungu akubariki.'"

"Nilikuwa natunza amani," akasema Jaji.

"Basi kesho tunarudi. Ukamwambie usoni kama unavyoniambia mimi. Ukiweza, nitakuita Jaji hata mbele ya mama yangu. Ukishindwa, hapa nyumbani utakula kimya mpaka meno yakutoke."

Lahaula! Usiku ule shujaa wetu aligeukageuka kitandani kama chapati juu ya moto. Dukani wateja walimbishia, mwenye nyumba alimkaripia, hata saa alizotengeneza zilikwenda zilivyotaka. Katika dunia nzima neno lake lilisikilizwa mahali pamoja tu, mbele ya bakuli lake mwenyewe, na sasa ufalme huo ulikuwa hatarini. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Naam, ngome ya Bibi Upawa ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi, meza za kitambaa cha plastiki, na beseni la kunawia mlangoni. Mezani palikuwa na vijiti vya meno, chupa ya pilipili na maua ya plastiki yaliyofifia kwa mvuke. Chumvi haikuwepo. Ilikaa jikoni, kwenye kopo kubwa lenye kifuniko, na aliyeitaka ilimpasa amwombe mwenyewe kwa mdomo wake. Nani angethubutu? Bibi Upawa alikuwa mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kuamsha mtaa, na desturi yake ilikuwa kutoka jikoni na upawa mkononi, kusimama juu ya kichwa cha kila mlaji, na kuuliza, "Vipi?"

Adhuhuri ikawadia. Jaji akaketi, mkewe mkabala naye, bakuli likaletwa. Akaonja. Ulikuwa mchuzi wenye rangi ya mchuzi na moshi wa mchuzi, lakini ulipofika ulimini haukuwa na habari yoyote. Na tazama, Bibi Upawa alikuwa amekwisha kutoka, anashuka safu ya meza kama dhoruba.

"Vipi?" akamuuliza dereva wa lori.

"Mtamu, mama!"

"Vipi?" akamuuliza mwalimu.

"Leo umejishinda, mama. Mikono yako isichoke."

Kisha kivuli cha upawa kikamwangukia Jaji. Akasimama, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili hata mchuzi ukamwagika kidogo kwenye kona ya kitambaa, akapaaza sauti:

"Ewe Bibi Upawa, malkia wa masufuria, mshinda moshi, uliyezifuga ndimi za moto zikakulia mkononi! Mimi, mja dhaifu, niliyeitengeneza mishale ya saa nyingi lakini sijapata kusimama mbele ya silaha kama hiyo uliyoishika, nimekuja kwako na neno lisilo na mbawa, neno lililo zito kuliko..."

"Baba, sema, vitunguu vinaungua."

"Mchuzi hauna chumvi," akasema Jaji, kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa kwenda chooni.

Vijiko vikasimama hewani.

"Umesemaje?"

Jaji akautazama mlango, ukiwa wazi na karibu. Akamtazama mkewe. Akauacha mlango.

"Nimesema hauna chumvi. Hata punje."

Bibi Upawa akageuka polepole. "Dereva. Ni kweli?"

Dereva akatazama dari. Kisha, kwa aibu, akatoa kikaratasi kwenye mfuko wa shati, akakifungua, na ndani yake mlikuwa na chumvi. Mwalimu akafungua kasha la miwani: chumvi. Mshona viatu wa kona akasukuma mbele kiberiti kisichokuwa na njiti hata moja. Mmoja baada ya mwingine wakazisalimisha silaha zao mezani, na wa mwisho akawa mke wa Jaji, aliyefungua fundo kwenye pindo la mtandio wake.

"Hata wewe?" akauliza Jaji.

"Mimi si nimeshawahi kula hapa?"

Bibi Upawa akakaa, na benchi likalia chini yake.

"Daktari alinikataza chumvi," akasema. "Tangu hapo sionji, nakisia. Nikionja najijua, nitamaliza sufuria. Ndiyo maana nawauliza. Kila siku nawauliza! Nanyi mnanijibu mtamu, na dua juu!" Akaulaza upawa mapajani. "Nilikuwa nauliza kwa sababu nataka kujua."

Waliokuwa wanene walijaribu kuwa wembamba. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na lile kopo, akalitua mbele ya Jaji. Shujaa akachota kwa vidole viwili, akanyunyiza, akakoroga, akaonja, akafumba macho.

"Sasa?"

"Kuna kitu..." akasema Jaji, na ukumbi mzima ukabana pumzi. "Hapana. Hapana, sasa umekolea."

Ukapigwa ukelele uliomwamsha paka wa jirani. Dereva alimkumbatia mwalimu. Bibi Upawa alimnyooshea Jaji upawa, akamwamuru afike kila asubuhi kuonja, na kuanzia siku ile kila meza ilipata kopo lake.

Jioni, nyumbani, mke akamwekea bakuli.

"Haya, Jaji. Haki yako umeipata. Hukumu."

Akaonja, akafumba macho, akakitafuta kile kitu kilichopungua kama alivyokitafuta miaka yote. Akakitafuta tena. Mtu aliyekwisha kumwambia kweli Bibi Upawa huona vigumu kurudia uongo.

"Hakuna kilichopungua," akasema. "Hakijawahi kupungua."

Mke akageuza kichwa. "Hebu sema upande huu. Sikio hili ndilo linalosikia vizuri."

Akasema tena, kwa sauti, hata majirani wakasikia.

Na tangu hapo, enyi wasikilizaji, mtaa ule huhesabu zama zake kwa tukio hilo: fulani alioa kabla ya Chumvi, fulani alizaliwa baada ya Chumvi. Haya, rudini kwenye mabakuli yenu kabla hayajapoa.