Firigisi ya Nyumba ya Bwana Kofia

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nafasi yangu imefika. Jana baada ya ibada, katibu wa chama chetu cha shamba alisoma barua kutoka ofisi ya maktaba, Kakamega mjini. Afisa anakuja huku Lugari Jumamosi kuitazama ile nyumba kuukuu ya mzungu tuliyemwita Bwana Kofia, hasa chumba chake cha vitabu. Akiona kuna mtu anayekitunza, wataleta mabati mapya kabla ya mvua za Machi. Asipoona mtu, chama kimeshakata shauri: Masinde fundi atang'oa rafu zote atengeneze viti vya kanisa.

Mtu anayekitunza. Niliposikia hivyo nilijua ni mimi. Nani mwingine? Nimekuwa karani wa josho la ng'ombe miaka ishirini na sita. Nina mwandiko. Nina koti.

Kweli, yupo Kukhu Nanjala. Huyo sote twamwita kukhu, bibi yetu, ana miaka themanini na moja, anaishi katika lililokuwa jiko la mzungu nyuma ya nyumba, na ufunguo uko kwake. Lakini kusoma hajui. Afisa atataka mtu wa kuongea naye.

Alasiri nikaenda kukagua. Naishi hatua mia nne kutoka hapo na sijawahi kuingia, aibu iliyoje. Nilitarajia popo na mavi ya panya. Popo wapo ukumbini, ngazi ya ghorofani imeporomoka, na mpera umeota ndani ya bafu. Kisha Kukhu akafungua mlango wa mwisho, nikajikuta nimevua kofia.

Rafu kutoka sakafuni hadi darini, pande tatu, mbao nyeusi inayong'aa. Kingazi kinachoteleza kwenye reli ya shaba. Vitabu elfu mbili na ushee, na hakuna hata kimoja kilicholiwa na mchwa. Rafu ya chini kuna madaftari ya mvua. Bwana Kofia aliandika mvua ya kila siku kwa miaka ishirini na tisa, na siku isiyonyesha aliandika "hakuna". Ishirini na tisa, bila kuruka siku! Mimi ni karani, nakiri machozi yalinilenga.

Nikamuuliza Kukhu vitabu vimeponaje. Akasema ni kama mahindi tu. Kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani na turubai zikabaki bure, yeye huanika vitabu juani, huvigeuza saa sita, huvirudisha ndani kabla ya umande. Chini ya rafu hutia majivu, na katikati ya vitabu majani makavu ya mkaratusi, vile anavyowekanga mbegu. Miaka thelathini na moja amefanya hivyo, na hakuna aliyemtuma.

Utaratibu bora kabisa. Nitamweleza afisa kwamba ni wangu.

Jumanne, 11 Februari

Nimechora kibao kwa rangi iliyobaki ya josho: P. LUSALA, MKURUGENZI. Nikakipigilia juu ya mlango. Kukhu alikitazama akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamwambia ni jina langu. Akasema ubao wenyewe ni mzuri.

Kisha nikapanda kile kingazi, nione chumba kama mkurugenzi anavyopaswa kukiona. Kumbe sakafu ya upande huo imedidimia. Kingazi kikaondoka chenyewe. Nilisafiri robo ya chumba nimekumbatia kitabu kinene cha magonjwa ya ng'ombe, tukasimama dirishani. Na nje ya dirisha alisimama nani? Masinde, na tepu ya kupimia.

Aliniuliza kwa upole kama niko salama. Halafu akaniomba nimshikie ncha ya tepu.

Nikaishika. Mazoea ya ukarani. Alipomaliza kuandika ndipo nilipokumbuka kwamba ni mshindani wangu. Anasema rafu hizo zitatoa viti kumi na vinane, Mungu akipenda. Huyu mtu anamtumia Mungu vibaya sana.

Jumatano, 12 Februari

Mpango wa leo ulikuwa wa akili. Asubuhi kwenye mashine ya kusaga nilimnong'oneza mama mmoja, kwa siri kubwa, kwamba Bwana Kofia huonekana saa sita mchana kwenye dirisha la vitabu. Kofia ipo, kichwa hakipo. Lengo ni Masinde aogope aache kupimapima.

Kufikia saa tano habari ilinirudia ikiwa na mbwa wawili na farasi.

Matokeo ni haya. Majirani sita walioahidi kunisaidia kufyeka nyasi za uani wamekataa kukanyaga pale. Masinde kwa upande wake anasema yeye ameokoka, hana hofu. Alikuja akapima ukuta wa pili huku akiimba tenzi.

Nikafyeka peke yangu. Saa sita kamili niliinua macho, nikaona kofia dirishani. Kofia tu. Sitaandika hapa nilikimbia mpaka wapi. Baadaye Kukhu alikuja kuniita, akanieleza kwamba ile ni kofia halisi ya mzungu, nayo huanikwa pamoja na vitabu.

Nilirudi nikafyeka, yeye amekaa pembeni kwenye turubai akigeuza vitabu vyake. Nikamuuliza kwa nini alianza. Akasema mwaka ule mzungu alipofariki watu walikuwa wakichukua vitabu kuwashia moto na kufungia njugu. Siku moja alimkuta jirani anachana kimoja mbele ya mafiga. Akamwambia, nipe hicho, nikupe mzigo wa kuni. Habari ikaenea. Kila aliyetaka kuni alikuja na kitabu. Mwaka ule, alisema, alikata kuni mpaka mume wake akadhani anajenga.

Nikamuuliza, na kusoma hujui, Kukhu, ulivitakia nini? Akanitazama kama mtoto aliyeuliza ng'ombe ana miguu mingapi. Akasema mbegu huulizi itapandwa lini, wewe unaiweka tu.

Tangu nizaliwe sijaona mtu wa namna hii, na amekuwa jirani yangu muda wote huo. Nimeamua kumtaja katika hotuba yangu, karibu na mwisho.

Alhamisi, 13 Februari

Usiku kulinyesha manyunyu ya kupotea njia. Asubuhi kibao changu hakiko mlangoni. Kukhu amepanda juu, kwa umri wake, akakitumia kuzibia tundu la dari lililo juu ya madaftari ya mvua.

Nililala chali sakafuni kuhakikisha. Nikitazama juu, MKURUGENZI inasomeka vizuri sana. Lakini afisa hatalala chali.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepata. Sijui kwa nini nilihangaika na vibao.

Kwetu firigisi ya kuku, ile imondo, ni ya mwenye nyumba. Haigawanywi, haiombwi. Mgeni akikaa mezani haulizi nani mkuu wa boma, anaangalia imondo imetua kwenye sahani ya nani. Basi kesho chakula kitaandaliwa mle mle katika chumba cha vitabu, mbele ya wazee wa chama, mbele ya Masinde, mbele ya afisa. Imondo inatua kwangu. Kufikia mwisho wa mchuzi, nyumba ina mwenyewe.

Nilimweleza mke wangu Zipporah, maana yeye ndiye mpishi. Akauliza jogoo atachinjwa na nani, kwa kuwa barua inasema afisa anaitwa Bi Shamsia na kwao ni Mumias. Nikamwambia nina mikono miwili. Akauliza kama amwite Abu wa dukani aje achinje. Nikamwambia Abu ana duka lake, mimi nina jogoo wangu, na mambo ya kuchinja hayahitaji kamati.

Akasema, "Sawa, Baba Winrose." Akachukua leso yake, akasema anapita kwa Kukhu mara moja.

Mwanamke mtiifu. Namshukuru Mungu.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika haraka kabla hasira hazijaisha. Tayari zinaisha.

Bi Shamsia alifika saa nne, mama wa makamo, ushungi wa kijani, viatu vimejaa vumbi letu jekundu. Alipoingia katika chumba cha vitabu alianza na rafu za mlangoni. Akatembea pole pole. Akachutama mbele ya madaftari ya mvua, akafungua moja, akafungua la pili, akaketi sakafuni na sketi yake nzuri.

Nikaanza hotuba. Nilieleza utaratibu wangu wa kuanika, utaratibu wangu wa majani, utaratibu wangu wa majivu. Akauliza, majivu ya nini?

Ya moto, nikasema.

Kutoka mlangoni Kukhu akasema ni ya maganda ya maharagwe, yale tunayochujia munyu wa kupikia mboga, kwa sababu majivu ya kuni yanavuta unyevu. Bi Shamsia akageuka. Tangu hapo hakunitazama tena. Waliongea wawili hao karibu saa nzima, ni kitabu gani huloa haraka, kipi kina wino unaokimbia jua. Kukhu anavijua vyote kwa madoa yake. Bi Shamsia alikuwa akiandika mpaka kalamu ikaisha, nikamwazima yangu. Mchango wangu wa asubuhi ni huo.

Nikajiambia, tulia Phineas, imondo inakuja.

Tukakaa mezani, obusuma, ugali wetu, imepanda kama kichuguu, jogoo katikati. Nikamkaribisha mgeni. Nikamwambia kwa fahari kwamba nimemchinja mwenyewe, kwa mikono hii.

Bi Shamsia alirudisha mkono wake taratibu, akatabasamu, akasema asante sana, mboga na obusuma zinamtosha, anapenda sana mboga. Wazee wa chama wakanitazama. Mtoto mdogo wa huku anajua kwamba ukiwa na mgeni Mwislamu unaita Mwislamu achinje, ndipo wote wale meza moja. Masinde alikuwa ameinua macho darini kwa adabu. Juu kule alikuwa anasoma jina langu.

Ndipo Zipporah akaingia kutoka jikoni kwa Kukhu na chungu kingine. Kuku wa Kukhu mwenyewe, yule koo anayemtagia kila siku, hana mwingine. Abu wa dukani alikuja kumchinja alfajiri. Zipporah akamhakikishia mgeni hivyo, na Bi Shamsia akasema alhamdulillah kwa sauti ya mtu mwenye njaa.

Na imondo juu ya kisahani, peke yake, maana ya jogoo wangu sijui Zipporah aliipeleka wapi.

Zipporah alitembea nayo urefu wote wa meza. Nilisogeza bilauri yangu kumpa nafasi. Akanipita. Akawapita wazee. Akaiweka mbele ya Kukhu Nanjala.

Imondo, kwa mwanamke! Mzee mmoja alikohoa, mwingine akamsaidia kukohoa. Kukhu mwenyewe aliitazama bila kuigusa. Maisha yake yote amezipika, hajawahi kuonja. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hii si yake. Zipporah akamjibu kwamba imondo ni ya mwenye nyumba, na hapa mwenye nyumba ni nani?

Kisha Masinde akasimama. Masinde huyo huyo. Akachukua birika na beseni, akapiga goti moja, akamnawisha Kukhu mikono, mwanamume mzima na suti yake ya kanisani. Akasema miti ya mkaratusi imejaa shambani, na viti vya kanisa havihitaji mbao ya mzungu.

Kukhu akala. Pole pole, mbele yetu sote. Alipomaliza akasema kumbe iko ngumu hivi, na wanaume wanaigombania.

Nilitaka kukasirika. Nilijitahidi. Lakini nilipomwona ameketi pale, mgongo wima, na vile vitabu vyote nyuma yake, nilijua moyoni kwamba ni haki, na kwamba mke wangu ana akili kunishinda. Hilo la pili halitatoka nje ya daftari hili.

Bi Shamsia ameandika kwenye fomu: mtunzaji, Nanjala. Mabati yanakuja wiki ya kwanza ya Machi, naye atayaleta mwenyewe. Alimuuliza Kukhu kama anahitaji msaidizi. Kukhu akaninyooshea kidole. Akasema huyu ana mikono miwili, amesema mwenyewe.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada niligeuza vitabu mpaka kiuno kikalia. Kazi nzuri. Nilimwambia Kukhu naweza kumsomea chochote apendacho. Alifikiri, akaomba daftari la mvua la mwaka alioolewa, Aprili 1963, Jumamosi ya pili. Anasema ndugu za marehemu mume wake walimbishia maisha yote kwamba siku ile kulikuwa na jua, nguo ya arusi aliichafua matope yeye mwenyewe.

Nikatafuta. Nikasoma: inchi mbili na robo.

Kukhu alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniomba nisome tena. Nilisoma mara nne. Sijawahi kusoma kitu kwa furaha kama hiyo, na nitamsomea kesho, na keshokutwa. Sina tena haja ya ukubwa. Nimekuwa mtu mpya.

Hata hivyo, nimewaza. Bi Shamsia anarudi Machi. Kosa langu lilikuwa hesabu: kuku mmoja ana imondo moja. Nikileta majogoo wawili, ya kwanza inatua kwa Kukhu, ya pili inatua kwa msaidizi wake, mbele ya wote. Nimemwambia Zipporah. Akauliza watachinjwa na nani.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kisu nimeshakinoa.