Mhadhara wa Nne Umemfikia Mama Mkwe

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Kupitia kwa Mkuu wa Idara ya Mifugo (ambaye naomba asiisome).

Mheshimiwa,

KUHUSU: KUIRUDISHA ELIMU NDANI YA UZIO WA CHUO

Natumaini barua hii imekukuta mezani kwako. Nimeiandika kwa kalamu makusudi, maana karatasi ina adabu. Ukiiweka mahali inatulia. Yaliyonileta kwako yameletwa na vitu visivyotulia.

Mimi ni mhadhiri mwandamizi wa ufugaji wa kuku. Nimefundisha somo hilo miaka kumi na tisa, katika ukumbi ule wa chini ambao dirisha lake la tatu halifungi, kwa maandishi yaleyale ambayo karatasi zake zimechakaa na kugeuka rangi hadi wanafunzi wakanibandika jina la Bwana Manjano. Sikulalamika. Mwaka jana ofisi yako ilipoamua kwamba mihadhara yote irekodiwe na kuwekwa mtandaoni, bure, kwa yeyote anayetaka kujifunza, nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Nilidhani huyo "yeyote" ni mtu wa mbali.

Kumbe ni mama mkwe wangu. Ni mjane, hakuvuka shule ya msingi, na anafuga kuku mia tatu nyuma ya nyumba yake. Simu alipewa na mke wangu ili awaone wajukuu. Wajukuu akawamaliza mapema, akaanza kunitazama mimi. Naomba niyaorodheshe malalamiko yangu.

1. Wanafunzi sasa wanakuja darasani wakiwa wameshausikiliza mhadhara. Zamani niliingia, nikasoma, wakaandika, tukaachana kwa amani. Siku hizi nikifungua kinywa, binti mmoja wa mstari wa mbele ananimalizia sentensi. Wenzake wameniambia kwamba mtandaoni hunisikiliza kwa kasi mara mbili, hivyo nikiwa hai mbele yao naonekana kama mgonjwa. Muda unaobaki wanautumia kuuliza maswali. Nimeupitia upya mkataba wangu wa ajira, Mheshimiwa. Neno "maswali" halimo.

2. Katika Mhadhara wa Nne ninaeleza kwamba vifaranga hurundikana chini ya taa kwa sababu ya upendo wa kijamii. Sentensi hiyo niliinakili kwa mwalimu wangu, naye sikumwuliza aliitoa wapi. Imetoka katika mtihani kila mwaka. Siku ya tatu baada ya video kuwekwa, chini yake pakatokea maoni haya: "Baba, habari za kazi. Hao vifaranga hawapendani, wanasikia baridi. Ishushe taa. Ukiona wamekimbilia ukutani, ipandishe. Wasalimie wajukuu. Ni mimi mama yako."

3. Hapa ndipo penye uzito. Angekuwa msomi mwingine yeyote ningemjibu kwa marejeo ishirini, mengine ya kweli. Lakini huyu ni mkwe. Akiingia sebuleni kwangu mimi husimama na kutafuta shughuli ya nje. Miaka kumi na mitano ya ndoa sijawahi kumpinga, hata kuhusu sukari kwenye chai. Sasa nimpinge mbele ya watazamaji elfu nne? Nikaandika: "Asante mama, nimepokea."

Kesho yake darasa zima likataka kujua kama jibu la mtihani limebadilika. Nikaenda kwa Mkuu wa Idara kuomba mwongozo. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kwani la kweli ni lipi?" Niliona swali hilo liko nje ya utaratibu, lakini sikuwa na jingine la kufanya. Nikachukua wanafunzi wawili na kipimajoto, tukaenda kwenye banda la chuo, ambalo mara ya mwisho niliingia lilipokuwa linazinduliwa. Tulikuta vifaranga wamerundikana chini ya taa, wanalia. Tukaishusha kiasi cha shubiri moja. Robo saa haikuisha, wakaanza kutawanyika juu ya maranda, wakala, wakanywa maji, wengine wakalala miguu wameinyoosha. Wanafunzi walirekodi. Mimi nilisimama pale nikiwatazama, na nakiri kwamba nilifurahi, jambo ambalo halijanipata kazini kwa muda mrefu na ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

4. Nilipodhani yameisha, mama mkwe akatoa video yake mwenyewe. Fundi seremala jirani yake ndiye aliyemshikia simu. Amesimama bandani, kitambaa kichwani, kifaranga kiganjani, anaanza kwa upole: "Mkwe wangu amesema vizuri sana, mimi naongezea tu." Akaongezea dakika arobaini. Alipomaliza kuongezea, katika niliyosema mimi yalibaki majina ya vyombo.

Watazamaji wamempa cheo cha Profesa wa Bandani. Cheo hicho, Mheshimiwa, mimi nimekiomba mara tatu na kamati yako imenijibu kwamba sina machapisho ya kutosha. Na wanafunzi wangu wanamnukuu katika kazi zao. Mmoja ameandika mwishoni, kwenye orodha ya marejeo: "Mama mkwe wa mhadhiri, mazungumzo ya simu." Nilitaka kumkata alama, nikakumbuka kwamba mke wangu hunisaidia kusahihisha.

5. Nyumbani nako hakukaliki. Chakula kikiwekwa mezani mke wangu anasema, "Mama anauliza Mhadhara wa Tano unatoka lini." Kisha, "Anasema habari za magonjwa usizigusie kwanza, kuna picha anakutumia." Sasa maandishi yangu hupelekwa kwake kabla sijayasoma darasani, na hurudi yamejaa wino mwekundu. Kitaaluma jambo hili huitwa kupitiwa na wanataaluma wenza. Kwa lugha ya nyumbani bado sijalipatia jina.

6. Mwezi uliopita Idara ilimwalika aje kuzungumza ukumbini. Kazi niliyopangiwa ilikuwa kumtambulisha na kumbebea tenga lenye kuku wanne. Ukumbi ulijaa, watu wakakaa kwenye ngazi, na wengi wao hawamo katika daftari lolote la chuo: wafugaji, muuza nafaka, mpishi wa hospitali, mwanajeshi mstaafu aliyekuja na daftari jipya. Katikati ya maelezo akanigeukia, akaniuliza mbele yao wote kwa nini kuku anaacha kutaga wakati anaonekana mzima. Nikajibu. Akawaambia watu, "Mmeona, anajua. Alikosa kuku tu." Wakapiga makofi. Sijui walimpigia nani, na wewe ulikuwepo, Mheshimiwa, ulipiga pia.

Kutokana na hayo naomba ofisi yako ichukue mojawapo ya hatua zifuatazo. Mihadhara yote iondolewe mtandaoni. Ikishindikana, kila anayetaka kutazama ajaze tamko kwamba hana undugu wa ndoa na mhadhiri. Na ikishindikana hilo, elimu iruhusiwe kutoka chuoni baada ya miaka kumi na tisa tangu ifundishwe mara ya kwanza, itakapokuwa imeshapoa na haiwezi tena kumsaidia wala kumdhuru mtu. Mlinzi wa lango letu ni hodari, amewazuia mbuzi wa majirani miaka yote. Naamini akipewa kompyuta ataweza.

Nisalimie wajumbe wa Seneti, katibu muhtasi wako na dereva, fundi wa kamera aliyeniambia nitabasamu, na wote wanaotazama.

Ni mimi mtumishi wako mwenye imani, ingawa imepungua kidogo,

Mhadhiri Mwandamizi, Ufugaji wa Kuku

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha mke wangu aliponiletea fomu. Mama mkwe amesoma kwenye tovuti yetu kwamba chuo sasa kinapokea waombaji kwa uzoefu wao wa kazi hata kama hawana vyeti, na kwamba mwombaji anatakiwa adhaminiwe na mhadhiri wa somo. Fomu ameijaza kwa mkono wake. Penye "Sababu za kuomba" ameandika hivi: "Nimejifunza mengi kwa mkwe wangu kwenye simu, na vifaranga wangu wa mwaka huu wamekufa wachache kuliko miaka yote. Lakini simu haioni ninaponyoosha mkono. Nataka kukaa darasani, niulize, nijibiwe."

Nimemwandikia barua ya udhamini ya kurasa tatu, na sikunakili kwa mtu hata neno moja. Imo ndani ya bahasha hii. Tafadhali isome hiyo kwanza. Mihadhara iacheni hapo ilipo, usaili wa mama ni Jumatatu na bado anarudia Mhadhara wa Tisa.