Fahari Linatafuta Namba

Jumatatu, 3 Machi

Limekwisha! Leo kabla ya chai nimekaza boliti ya mwisho. Gari langu mwenyewe, nililolitengeneza kwa mikono yangu, uani kwangu, nyuma ya kibanda ninamotengenezea redio za watu. Nimelipatia jina la Fahari. Injini ni ya teksi iliyopinduka. Usukani ni wa gari la mikate. Ekseli ya nyuma ni ya kitu ambacho hata muuza vyuma chakavu hakukijua. Bodi nzima ni mabati ya friji mbovu. Milango ni milango ya friji, na mipira yake. Ukiifunga, vumbi haliingii, mvua haiingii, kelele za mtaa hazisikiki. Vioo vya madirisha ni rafu za friji. Magari ya kiwandani hayana mambo haya!

Mke wangu ni mshonaji. Amepata kazi ya mapazia ya hospitali mpya, wodi zote. Hajawahi kupata kazi kubwa namna hii. Mapazia yafike Jumamosi ya wiki ijayo, la sivyo kazi anapewa mwingine, na nyingine hatapewa. Alisema atamwomba kaka yake, yaani shemeji yangu, mwenye pikapu. Nikamwambia mapazia hayo yatapanda pikapu ya shemeji siku mimi nikiwa kaburini. Akaliangalia Fahari kwa muda.

"Linaruhusiwa barabarani, baba watoto?"

Nikasema kibali ni kazi ya asubuhi moja.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya usajili. Karani kijana, tai imenyooka, mbele yake kompyuta. Akauliza gari ni aina gani. Nikasema Fahari. Akasema kompyuta haina Fahari. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja, ili iwe nalo.

Akauliza mwaka wa kutengenezwa. Nikaeleza kwamba nilianza mwaka aliozaliwa kitinda mimba wetu, na sasa yuko darasa la nne. Akasema kompyuta inataka mwaka mmoja tu. Akauliza namba ya chasisi. Nikasema halina. Akauliza rangi. Hilo nililijua! Nikajibu nyeupe, kisha nikakumbuka kwamba ubavu wa kulia ni rangi ya maziwa na boneti ni ya kijani, maana friji ile ilikuwa ya bucha.

Akaondoa mikono kwenye kompyuta. Akaniambia, kwa adabu sana, nilipeleke gari kituo cha ukaguzi kwanza. Wakilipitisha, watalipatia namba. Ila nisiliendeshe barabarani kabla halijakaguliwa. Nikamuuliza litafikaje kituoni. Akasema watu wengi huvutwa na jamaa mwenye gari.

Jamaa mwenye gari! Mtu anayeosha pikapu yake kila asubuhi kama anamwogesha mtoto mchanga! Anayeniita "injinia" kwa sauti ile! Hapana.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Timu ya mpira ya mtaani kwetu haijashinda mechi hata moja msimu huu. Jana jioni nilimwendea kocha, nikamweleza kuwa timu kubwa zote siku hizi hujenga miguu kwa kusukuma mizigo. Alinisikiliza kwa makini. Anasikiliza kila mtu siku hizi, masikini.

Leo asubuhi vijana walikuja na jezi. Mimi nikakaa kwenye usukani, injini imezimwa, kila kitu kwa mujibu wa sheria. Walisukuma vizuri sana mpaka juu ya mlima. Pale wakaacha kusukuma. Fahari halikuacha kwenda.

Sitaki kutia chumvi. Nilikanyaga breki. Breki ikakanyagika mpaka chini, ikatulia huko. Nyuma nikaona kwenye kioo timu nzima inakuja mbio, kocha anapuliza filimbi. (Baadaye alisema hajawahi kuwaona wakikimbia vile.) Mlinzi wa kituo cha ukaguzi aliinua kizuizi mwenyewe bila kuuliza kitu. Nikaingia. Nikasimama kwenye lundo la mchanga wa ujenzi, salama salimini.

Mkaguzi mkuu ni mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, mkononi kinyundo kidogo. Alikuwa amesimama mlangoni, chai mkononi. Alikuja polepole, akalizunguka gari, akaanza kusema nami.

Hapa ndipo nilipogundua kasoro ndogo. Milango ya friji hufunguliwa kwa nje tu. Na kwa kuwa haipitishi sauti, sikusikia neno. Mdomo wake unacheza, anagonga hapa, anaandika, ananiangalia. Kukaa kimya ingekuwa utovu wa adabu. Nikawa natikisa kichwa kukubali. Kila alichosema nilikubali, mpaka kocha alipofika akihema na kunifungulia.

Nikauliza nimekubali nini. Mama mkaguzi akasema breki ameshaziona, hana haja ya kuzipima. Nimekubali pia kwamba mikanda haipo, kioo cha mbele si cha gari, usukani unageuka na gari halina habari, na kwamba gari halitoki kituoni mpaka yote yarekebishwe au libomolewe.

"Ulikubali vizuri sana, fundi," akasema. "Wengine hubisha."

Ijumaa, 7 Machi

Gari nalitengenezea kituoni, kwenye uwanja wa nyuma. Breki zimeanza kushika, ya kushoto zaidi. Ukikanyaga, gari linageuka kutazama ulikotoka.

Shemeji amepata habari. Amekuja na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai. Akakaa kivulini kunitazama. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliuliza tu, "Injinia, hicho kinachodondoka ni mafuta au ni jasho lako?" Kisha akasema pikapu yake iko huru Jumamosi ijayo, nikihitaji. Nikamshukuru. Nikamwambia awe na safari njema kokote aendako.

Nyumbani, sebuleni, lundo la mapazia limefika kimo cha dirisha. Watoto wanalala juu yake. Mke wangu aliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, kwamba ananisubiri mpaka Alhamisi. Alhamisi jioni atamwita kaka yake. Nikasema ni haki.

Jumapili, 9 Machi

Nimesoma kitabu cha kanuni za barabarani mwanzo hadi mwisho. Watu hawasomi, ndiyo shida! Mashine za kilimo hazihitaji mikanda. Hazihitaji kioo cha mbele. Usukani wake haupimwi kwa kipimo cha magari.

Nimeazima jembe la kukokotwa kwa mjane jirani yetu. Nimelichomelea nyuma ya Fahari. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, ni trekta kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nikampelekea mama mkaguzi habari njema, kwamba gari halipo tena, ila ipo mashine ya kilimo. Akavaa miwani. Akauliza inalima nini. Nikajibu inalima chochote. Nadhani nilijibu haraka mno.

Akaniongoza kwenye majani nyuma ya ofisi. Akasema, "Haya, lima." Makarani wote wakatoka kuangalia. Shemeji alisogeza kiti chake.

Nikawasha. Injini ikanguruma kwa heshima zote. Jembe likazama ardhini. Nililima! Nataka liandikwe hili. Nililima mstari ulionyooka kuliko nilivyotarajia, kutoka kwenye ua hadi kwenye bomba kuu la maji la kituo.

Maji yalipanda juu kuliko paa. Nilishindwa kutoka, kwa sababu ya mlango. Nilikaa ndani, mkavu kabisa, nikiwatazama wengine wakilowa. Mkubwa wa kituo alitoka na shati limemganda mwilini. Alisema maneno mengi. Sikuyasikia, na safari hii sikutikisa kichwa.

Shemeji ndiye aliyejua kufunga valvu. Ndiye pia aliyenifungulia. Aliniuliza kama niko salama. Nikasema ndiyo. Akanipa kikombe cha chai. Nilikunywa, maana kulikuwa na baridi, si kwa sababu nyingine.

Jumatano, 12 Machi

Mkubwa wa kituo anataka Fahari liondoke keshokutwa, zima au vipandevipande.

Mchana mke wangu alikuja na chakula. Alikuwa hajawahi kufika kituoni. Aliangalia mtaro niliolima, akaangalia bomba lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, akaniangalia mimi. Nikajiandaa. Lakini alinipa sahani tu, akamwendea mama mkaguzi, wakasalimiana kama watu waliosoma pamoja. Kisha akamuuliza swali ambalo mimi, kwa siku zote hizi, sikulifikiria.

"Dada, hebu niambie. Kwenye hili gari la mume wangu, kizuri ni kipi?"

Mama mkaguzi akachukua kinyundo, akaanza kulizunguka upya. Aligonga fremu. Akainama chini, akatazama nilivyochomelea, akapitisha kidole. Akasema fremu ni nzuri. Akasema ekseli ya nyuma ni nzuri sana, magari mengi mapya hayana kama hiyo. Bodi haiingizi tone, wote tuliliona hilo Jumatatu. Taa za nyuma zinawaka. Uchomeleaji ni wa mtu mwenye subira.

Nilisimama na sahani mkononi. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikwenda nyuma ya gari kuangalia tairi, nikaziangalia kwa muda.

Nikasikia mke wangu anauliza kibaya ni nini sasa. Mama mkaguzi akasema injini, usukani, breki za mbele, na, akishusha sauti, lakini huku hakukuwa na mlango wa friji kati yetu, dereva.

"Na hivyo vyote ukivitoa?"

"Ukivitoa, mama, hilo ni tela. Na ni tela zuri."

Kisha wakaja nyuma ya gari kunitafuta.

Alhamisi, 13 Machi

Usiku nilikataa katakata Fahari lifanywe tela la kuvutwa na pikapu ya shemeji. Asubuhi nikaamka na kukuta mke wangu amelala juu ya cherehani, shavu limechorwa na pindo la pazia. Nikajikaza kisabuni. Nikaenda kwa shemeji mwenyewe, kwa miguu yangu. Alikuwa anaosha pikapu. Nikamwambia nahitaji spana kubwa na mtu wa kushika upande wa pili wa injini.

Hakusema "injinia". Alikausha mikono, akaleta spana.

Kituoni tuliishusha injini kabla ya jua kuwa kali. Tukakata pua ya gari, na jembe la mjane. Tukachomelea mkono wa kuvutia. Usukani nilitaka kuufungua mwenyewe. Shemeji akasogea pembeni akajifanya anatafuta boliti. Breki zile mbaya tukazitupa. Nikaweka za tela, zinazoshika kulia na kushoto sawa. Tulipomaliza Fahari lilikuwa fupi, kama kasha kubwa lenye magurudumu.

Mlango nimeuwekea kitasa cha ndani.

Ijumaa, 14 Machi

Limepita! Mama mkaguzi aligonga kila mahali na hakuandika kitu. Kisha akapiga muhuri namba ya chasisi kwenye fremu, palepale, kwa herufi za chuma.

Nikarudi kwa yule karani mwenye tai. Aina: tela. Kompyuta inalijua tela. Mtengenezaji: jina langu, herufi zote, bila kosa. Rangi: mchanganyiko. Nilimwomba aisome kadi kwa sauti. Akaisoma. Nilimwomba tena.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tangu alfajiri, ile ya kupiga ubavuni. Tulipakia mapazia yote, tukafunga mlango wa friji. Sisi watatu tukabanana mbele kwenye pikapu, shemeji kwenye usukani, mke wangu katikati. Nilikuwa nimeapa kitu fulani kuhusu kaburi. Hakuna aliyenikumbusha.

Njiani shemeji aliangalia kioo, akasema, "Linafuata vizuri." Nikasema najua.

Hospitalini tulikuta gari lingine limeleta magodoro chini ya turubai. Magodoro yalikuwa yanakamuliwa kama nguo. Muuguzi mkuu alifungua mlango wetu akiwa ameshajiandaa kufoka. Mapazia yalikuwa makavu, yamekunjwa, hata harufu ya pasi ilikuwepo bado. Akaita wenzake waje waone. Akamwambia mke wangu kuna zahanati tano zinazofuata, na kazi zote ni zake.

Mke wangu alikwenda kwenye tela, akaweka kiganja chake juu ya bati la kijani, la ile friji ya bucha, akakiacha hapo. Mvua ilikuwa inamlowesha na hakuondoka. Nilimtazama nikiwa chini ya kibaraza. Siku njema kuliko zote tangu nianze kulijenga. Nakiri.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka na moyo mweupe. Mke wangu ameomba nimtengenezee tela la pili, hivyo hivyo lilivyo, nisiongeze kitu wala nisipunguze. Nikamwahidi. Shemeji ameahidi kuvuta. Tumekunywa chai wote watatu.

Baada ya chai nimekisoma tena kile kitabu cha kanuni, sura ya matela, mara mbili. Watu hawasomi! Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tela lisiwe na injini yake. Ndogo tu, ya kuisaidia pikapu mlimani. Na kwa kuwa mkono wa kuvutia unaweza kukatika, busara inataka tela liwe na usukani. Na usukani hauwezi kujishika wenyewe, kwa hiyo kiti kimoja, cha mbele.

Mama mkaguzi atafurahi sana. Kesho naanza.