Sala Yangu kwa Milima Nisiyoijua

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai, maana malalamiko yaliyomo si ya kusomwa na tumbo tupu. Mimi ni Donati Mizero, Mrundi wa hapa Louisville, mtaa wa Iroquois, mpanga maboksi boharini na katekista wa zamani wa kambi ya wakimbizi Kigoma. Naomba jarida la jumuiya yetu, linalofika hadi Columbus na Buffalo, liwakemee Wamarekani wanaokwenda kutalii milima ya Andes, huko Peru, kisha wanarudi na ibada za wenyeji wa kule kama mtu aliyejinunulia kofia ya ukumbusho.

1. Msimamizi wangu kazini, Kimberly, alikwenda Peru siku kumi. Alirudi amevaa joho la sufu la rangi saba, akataka tumwite Binti wa Tai. Jumamosi moja asubuhi alitukusanya bustanini ili tumtolee sadaka Mama Ardhi. Sadaka hiyo huhitaji majani ya koka, ambayo katika nchi hii hayaruhusiwi, kwa hiyo akatumia spinachi.

2. Hapa naomba univumilie. Kimberly alinigeukia akasema, "Donati, wewe bado unaisikia ardhi. Tuombee kwa lugha yako ya kale." Ningeweza kukataa. Lakini watu kumi na wawili walikuwa wamefumba macho wakinisubiri mimi, ambaye kazini jina langu hutamkwa kama yale maandazi yenye tundu. Nikainua mikono. Sala zote zikanitoroka. Kilichonijia mdomoni ni tangazo la mgao wa chakula nililolisoma kwa kipaza sauti kambini miaka sita. Nikalisema kwa Kirundi, polepole: "Familia za watu watano, jipangeni upande wa kulia na magunia yenu. Leo mafuta hakuna." Wakalia, Ndugu Mhariri. Bwana mmoja aliniomba nirudie pale pa mafuta.

3. Wenzao wa Columbus wakasikia, wakanialika. Nilikwenda. Nilijifunga mabegani kitenge cha mke wangu Generoza, ambaye aliniuliza mlangoni, "Baba Fides, unakwenda kuwaombea au kuwapikia?" Sikumjibu, kwa kuwa mzee wa kiroho hajibizani.

4. Wa Buffalo, badala ya kunialika mimi, wamemwalika Ndahiro! Huyu ni Mkongomani wa nyanda za juu za Kivu Kusini, anafanya kazi kiwandani Lackawanna, na sifa yake ni moja tu, kwamba kazaliwa milimani. Nilimpigia simu kumkanya asichezee imani za watu. Akanijibu, "Bon, Donati, mie angalau niko na mulima. Weye uko na nini?" Uonevu wa namna hii haujawahi kutokea tangu nianze huduma, yaani wiki tano zilizopita.

5. Mama Eulalia. Tunapanga maboksi pamoja. Ni Mperu, Mkechua wa milima hiyohiyo, na hakuna aliyefikiria kumwalika, nami nikiwemo. Nilimhadithia sala yangu wakati wa chakula cha mchana nikidhani atacheka. Aliweka kijiko chini.

"Baba yangu alitoa sadaka hiyo kila Agosti," alisema. "Mwaka mmoja mvua ya mawe ilichukua viazi vyote. Agosti iliyofuata aliitoa akilia. Wewe uliwaambia nini?"

Nikamwambia ukweli, neno kwa neno. Akauliza, "Na hayo mafuta yalikuja lini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia yalikuja baada ya wiki saba, na mama yangu hakuyawahi, alikuwa ameshazikwa. Akaniuliza jina lake, nikamtajia. Hatukumaliza chakula, si mimi wala yeye.

Kwa hiyo napendekeza kila mtalii anayetoka Peru azuiwe kwenye uwanja wa ndege, aulizwe ni mwaka gani mvua ya mawe ilichukua viazi. Asiyejua aiache ibada pale pale mezani, pamoja na joho. Warundi wanaowasaidia wapelekwe jikoni kanisani kukosha masufuria mwaka mzima, na orodha ianze na mimi.

Nisalimie wanajumuiya wote wa miji mitatu, na Ndahiro pia, ila yeye kwa ufupi.

Ni mimi, mlalamikaji na mlalamikiwa,
Donati Mizero

N.B. Bahasha nimeifungua tena. Jana Mama Eulalia aliniita nyuma ya nyumba yake nimchimbie shimo la sadaka, kwa sharti nisifungue mdomo. Nilimkuta Kimberly ameshafika, amevaa fulana ya kazini, amebeba ndoo ya maji. Nilipouliza kwa ishara imekuwaje tuwe sisi wawili, Mama Eulalia akasema, "Ardhi ni ngumu na wanangu wako kazini." Akaomba kwa lugha yake, taratibu, na mwishoni nikasikia amelitaja jina la mama yangu. Tafadhali usiichapishe barua hii. Wiki hii siwezi kumkemea mtu, mgongo unaniuma.