Gumegume la Bi Taratibu

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka kuwa wa pili kwenye kila ripoti. Mwenzangu wa maabara, tunayemwita Bi Taratibu, anashikilia kwamba gumegume letu, lile jiwe gumu la kuwashia moto, lilijiunda kwenye matope baridi ya bahari. Mimi nasema maji ya moto! Ushahidi umo ndani ya jiwe: oksijeni nzito ikiwa nyingi, maji yalikuwa baridi, ikiwa kidogo, yalikuwa moto. Ijumaa kuna kikao. Nitampiku.

Jumanne, 4 Machi
Nimelitoa jiwe kabatini. Tulilipata pamoja tukiwa wanafunzi. Yeye akateremka machimboni, mimi nikashika kamba. Machimbo sasa yamejaa maji, hakuna jingine. Ameomba nimwachie nusu. Nikaitikia vizuri tu. Kisha nikalisaga lote, asipate la kupima.

Jumatano, 5 Machi
Unga wa jiwe unatakiwa ulale kwenye asidi, chokaa iishe, maana oksijeni yake huvuruga vipimo. Kulala! Nani ana muda? Nimeuchovya, nikausuuza, nikaupeleka kwenye mashine. Fundi akauliza kama ni safi. Nikamwambia umetakata.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Vipimo vyangu vilirukaruka: kimoja maji yanachemka, kingine barafu. Mkuu wa maabara akauliza, kwa upole unaoumiza, kama chokaa niliitoa. Nikajikuna shingo. Akasema basi turudie kwa nusu iliyobaki. Nikalazimika kukiri kwamba hakuna nusu.

Bi Taratibu hakupandisha sauti. "Ningekuachia jina lako litangulie langu," alisema. "Ungeniomba tu."

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kanisukuma niende kuomba radhi. Nimekwenda. Mume wa Bi Taratibu akanikaribisha chai. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, nikaishia kusifu mapazia. Njiani kurudi niliwaza. Jiwe limekaa ardhini mamilioni ya miaka, salama, mpaka likakutana na mimi. Na yule dada aliniamini nimshikie kamba.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Taratibu kanisalimu! Ameletewa gumegume jipya kutoka mlima mwingine. Kesho hayupo, anampeleka mama yake hospitali. Kaniomba nisiliguse. Nimeapa, tena kwa machozi ya kweli.

Ila nimelitazama vizuri. Lina pembe moja imechomoza vibaya, haipendezi hata kidogo. Nikiikata hiyo tu, nitakuwa nimemsaidia.