Mche wa Elfu Moja na Tisa

Jumatatu, 1 Desemba 2025
Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili na wenyeviti wanne wa kijiji. Hapa Mkotokuyana kamba ya kupimia mistari ya mikorosho naishika mimi tangu ujana. Hassani, kijana wa miaka sitini, anaitamani. Leo nimeapa mbele ya kikundi chetu cha wakulima: miche yetu elfu moja na tisa itasimama kwa mistari iliyo sawa, usibaki yatima hata mmoja nje ya mstari. Ukibaki, kamba achukue Hassani. Akasema, "Haya kaka mkubwa, tumesikia." Akatabasamu. Atabasamu kwa nini?

Jumanne, 2 Desemba
Nimepanga punje za mahindi uani. Mistari miwili, imebaki punje moja. Mitatu, moja. Minne, moja. Mitano, zimebaki nne. Yule mmoja kaita ndugu zake. Sita, saba, nane, tisa: moja, moja, moja, moja. Kuku wamekula hesabu, nimeanza upya. Lazima Hassani kachomeka mche wa ziada. Nimehesabu miche yote, kila mmoja nikaufunga kitambaa cha kanga ya marehemu mke wangu, asiongeze mwingine.
Ni elfu moja na tisa.

Jumatano, 3 Desemba
Mwalimu Zuleha, niliyempelekea hesabu, kajaza ukurasa mzima. Anasema namba hii haikubali kugawanywa ila kwa moja na kwa yenyewe. Yaani mstari mmoja tu. Hatua kumi na mbili mche hadi mche, si tutapanda mpaka kijiji cha Naipingo kwa watu? Nikamuuliza namba hiyo kaitunga nani. Eti hakuna aliyeitunga. Huyu Zuleha ana undugu na Hassani kwa upande wa mama.

Ijumaa, 5 Desemba
Alfajiri nimebeba mche mmoja, nimeuficha kichakani nyuma ya zizi la Makoye, mfugaji aliyehamia juzi kutoka Usukumani. Imebaki elfu moja na nane. Mistari ishirini na nane, kila mmoja miche thelathini na sita. Akili hii hainunuliwi dukani.

Jumamosi, 6 Desemba
Tumepanda. Mistari imenyooka, watu wananisifu. Mara Makoye huyo, mche mkononi, kitambaa kinapepea. "Shikamoo mzee. Huu wako, nimeijua kanga yako. Ndama nusura aule." Hassani akanyoosha mkono, nikampa kamba. Yatima kampanda mlangoni mwa shamba, eti kivuli cha mikutano. Wakampigia makofi.

Jumatatu, 8 Desemba
Nimekwenda Ruangwa, kijiji cha Nandagala. Mpimaji wao anaumwa mgongo. Wana miche elfu mbili na ishirini na saba, namba yenye uso wa upole. Nimeapa pale pale, na nimeweka dhamana baiskeli. Nikampigia Zuleha anitafutie mistari. Kagawa kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu, kila mara miche ikabaki, kisha akaanza kucheka. Hassani kamfikia kabla yangu.
Atakayebisha haya amuulize Makoye. Simpendi, lakini mtu yule hajui kuficha kitu.